Kusoma na Kumtegemea Mungu: Maandiko ya Kiswahili katika Ukristo wa Mwanzo wa Kampala, 1875–1897

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia nafasi ya Maandiko ya Kiswahili katika kujengeka kwa imani ya Kikristo kwenye vilima ambavyo leo ni jiji la Kampala, tangu mwaka 1875 hadi 1897. Hoja kuu ni kwamba kizazi cha kwanza cha wasomaji wa Buganda kilianza kujifunza kumtegemea Mungu kwa njia ya Injili za Kiswahili, kabla ya Luganda kuwa na kitabu chochote cha Biblia kilichochapwa. Aidha, makala yanadai kwamba fikra iliyoenea baadaye, kuwa Kiswahili hakimfai Mkristo wa Uganda, ilitokana na siasa za dini na za utawala, wala haikutokana na uzoefu wa wasomaji hao.

Utangulizi

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo haukuanzia hewani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikwisha kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili, kwa kadiri Bunge litakavyoamua. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua kwa nini utekelezaji umekuwa wa kusuasua hana budi kuangalia ni nani walioanzisha shule za nchi hii. Namilyango ilianzishwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, na Budo mwaka 1906. Zote tatu ni kazi ya misheni, na hadi leo makanisa ndiyo waasisi wa sehemu kubwa ya shule zinazopaswa kuutekeleza uamuzi huo. Mshauri wa sera anayezungumza na bodi za shule hizo husikia maneno yaleyale: Kiswahili ni lugha ya kambi za askari, lugha ya soko, lugha ya dini nyingine.

Wataalamu wa Kiswahili tumezoea kuyajibu maneno hayo kwa hoja za biashara na za utangamano wa Afrika Mashariki. Hoja hizo zina uzito wake, lakini hazimgusi anayepinga pale alipo. Yeye anazungumzia imani, nasi tunamjibu kwa ushuru wa forodha. Makala haya yanajaribu kumjibu kwa historia ya imani yenyewe, kwa kuuliza swali moja: wale waliokuwa wa kwanza kumwamini Kristo katika Mengo, Lubaga, Nateete na Namirembe walisoma nini, na kwa lugha ipi?

Kitabu katika ikulu

Kiswahili kilifika Buganda kabla ya mmisionari yeyote. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameingia katika ikulu ya Kabaka Suna katikati ya karne ya 19, na jina la Ahmed bin Ibrahim ndilo linalokumbukwa zaidi. Mwanawe Suna, Mutesa I, alijifunza kusoma Kiarabu, akakijua Kiswahili, akafunga Ramadhani na kuamuru misikiti ijengwe. Vijana wa ikulu waliofuata mafundisho hayo kwa dhati kuliko bwana wao walilipa gharama kubwa: mwaka 1876 Mutesa aliamuru idadi kubwa ya Waislamu wauawe baada ya kukataa kula nyama iliyochinjwa bila kufuata sheria ya dini yao na kuhoji mamlaka yake katika mambo ya ibada. Tukio hili husahauliwa mno katika historia za Kikristo, ingawa ndilo lililotangulia kuonyesha jambo ambalo Buganda ingeliona tena baada ya miaka kumi, yaani kwamba mtu akishasoma kitabu anaweza kumpa Mungu utii ambao Kabaka hawezi kuunyang'anya.

Henry Morton Stanley alipofika mwezi Aprili 1875 alikuta ikulu inayojua maana ya kitabu na yenye lugha ya kujadilia dini. Katika msafara wake alikuwamo kijana aliyesomeshwa na misheni ya UMCA Unguja, Dallington Maftaa. Kwa msaada wake sehemu za habari za Biblia zilitolewa kwa Kiswahili mbele ya Kabaka. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki, akawa msomaji wa Maandiko na mwandishi wa barua za Mutesa. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa Kikristo aliyekaa Buganda alikuwa Mwafrika aliyetoka utumwani, na alifundisha kwa lugha ya Unguja. Barua ya Stanley ya kuomba wamisionari ilichapishwa London mnamo Novemba mwaka huohuo na kuleta kishindo; jina la Dallington halikuleta kishindo chochote.

Wamisionari wa kwanza wa CMS waliwasili Juni 1877. Alexander Mackay, fundi mitambo Mskoti, aliwafuata mnamo Novemba 1878 baada ya kukaa pwani kwa muda mrefu akijenga barabara kutoka Saadani kwenda Mpwapwa. Ugonjwa na barabara hiyo vilimchelewesha, lakini vilimpa Kiswahili. Alikuja Buganda na lugha iliyokwisha kueleweka ikuluni, na pia na vitabu, kwa kuwa Askofu Edward Steere wa Unguja alikuwa ametoa tafsiri ya Injili ya Mathayo tangu mwaka 1869 na aliendelea na vitabu vingine vya Agano Jipya. Mackay alisoma Injili hizo mbele ya Mutesa na wakuu wake. Majadiliano yaliyofuata, ambayo ameyaeleza kwa kirefu katika barua zake, hayakuwa mahubiri ya upande mmoja. Waarabu na Waswahili waliokuwapo walimpinga kwa hoja katika lugha hiyohiyo. Mapadre wa White Fathers, waliotanguliwa na Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans mnamo Februari 1879, waliongeza sauti ya tatu. Mutesa alifurahia mabishano hayo kama afurahiavyo mtu mwenye akili kali ambaye hana nia ya kufungwa na upande wowote.

Mutesa mwenyewe hakubatizwa hadi alipofariki mwezi Oktoba 1884. Walioguswa ni wale waliokaa pembeni mwa baraza wakisikiliza.

Wasomaji

Waganda waliwaita wafuasi wa dini mpya abasomi, yaani wasomaji, na kitenzi okusoma kikabeba maana mbili kwa wakati mmoja: kusoma maandishi na kusali. Jina hili lilianza kutumika kwa Waislamu na likahamia kwa Wakristo bila kubadilika. Mtafiti wa leo anaweza kudhani kwamba ni lakabu tu ya mitaani. Mimi naona ni maelezo sahihi ya jinsi imani ilivyopatikana. Kijana wa ikulu hakuanza kwa kuhudhuria ibada. Alianza kwa karatasi. Mackay alichonga herufi za mbao, akachapa kurasa za kujifunzia kwa mashine yake ndogo, na vijana wakazinunua kwa simbi. Aliyekwisha kuzimaliza alitafuta Injili, na Injili iliyokuwapo ilikuwa ya Kiswahili.

Mwaka 1881 mmoja wa wasomaji hao, Sembera, alimpelekea Mackay barua fupi aliyoiandika mwenyewe kwa ncha ya unyasi na wino wa kujitengenezea. Barua ilimwita mpokeaji Bwana, ikamsalimu, na kumwomba abatizwe kwa sababu ameyaamini maneno ya Yesu Kristo. Tarehe 18 Machi 1882 alibatizwa pamoja na wenzake wanne na kuchukua jina la Mackay. Inafaa kutulia kidogo juu ya sababu aliyoitoa. Hakusema kwamba amewaamini wamisionari, wala kwamba amependezwa na vitu vyao vya ufundi, ambavyo kwa kweli viliwavutia wengi. Alisema ameyaamini maneno. Mwaka huo hapakuwa na Injili ya Luganda iliyochapwa. Maneno yaliyokuwa yamechapwa na ambayo mtu angeweza kuyashika mkononi yalikuwa ya Kiswahili cha Steere.

Msomaji mwingine, Duta, aliyebatizwa kwa jina la Henry Wright, alipelekwa Unguja na kubatizwa huko mwaka 1882. Alirudi na Kiswahili cha pwani, na maarifa hayo yalikuja kuwa hazina wakati wa kutafsiri Biblia ya Luganda. Tutamrudia.

Alama za safari hiyo ya kusoma zimebaki ndani ya Luganda yenyewe. Kitabu ni ekitabo, sala ni essaala, dini ni eddiini, msalaba ni omusaalaba, malaika ni malayika. Maneno haya hayana harufu ya ugeni kwa Mganda anayesali leo. Baadhi yake Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu, kikayapitisha kwa Waislamu wa ikulu, nao Wakristo wakayachukua bila kuomba radhi.

Kumtegemea nani?

Neno la imani halikuvuka kwa namna hiyo, na hapa pana jambo la kufikirisha. Kiswahili kina amini na imani, kutoka mzizi wa Kiarabu uletao pia amana, yaani kitu unachomwachia mtu akutunzie. Kuamini katika Kiswahili kuna sauti ya mali iliyowekwa mikononi mwa mwaminifu. Luganda ilichagua okukkiriza, ambalo kwa kawaida ni kukubali au kuitikia. Mtu anaitwa, anaitikia. Anaambiwa neno, analikubali. Kando yake lipo okwesiga, kumtumainia mtu na kumwegemea, ambalo linazaa omwesigwa, mtu wa kutegemewa. Msomaji wa miaka ya 1880 aliyesoma Kiswahili na kufikiri kwa Luganda alikuwa na picha hizi zote mbele yake: kuweka amana, kuitikia mwito, kuegemea.

Picha hizo ziliingia katika jamii iliyokuwa na utaratibu wake madhubuti wa kutegemea. Mganda wa kawaida aliishi kwa okusenga, yaani kujiunga na mkuu, kupewa ardhi ya kulima, kumtumikia na kupata ulinzi wake. Mkuu asiyetenda haki aliweza kukimbiwa na watu wake wakaenda kusenga kwingine. Utegemezi huo ulikuwa wa hiari kuliko watu wa nje walivyodhani, isipokuwa kileleni, kwa kuwa wote mwishowe walikuwa wa Kabaka na kwa Kabaka hapakuwa na pa kukimbilia. Nadhani hapa ndipo penye siri ya mvuto wa Maandiko kwa vijana wa ikulu. Injili iliwaambia kwamba yuko Bwana mwingine ambaye mtu anaweza kujiunga naye bila kuhama kilima, na ulinzi wake haukomi kwenye lango la ikulu wala kwenye kifo.

J. V. Taylor, katika utafiti wake wa mwaka 1958 kuhusu kukua kwa Kanisa la Buganda, alieleza kwamba wamisionari walihubiri Mwokozi lakini watu walichosikia hasa ni habari za Mungu aliye juu ya vyote, Katonda, muumba ambaye awali alijulikana kwa jina lakini hakusogelewa sana. Maelezo hayo ni ya msingi, ila nadhani yanahitaji kuongezewa kitu kimoja. Ukuu wa Mungu peke yake usingewafanya vijana wakubali kufa, maana walikwisha kuishi chini ya ukuu wa Kabaka na walijua kwamba ukuu huzaa hofu. Kilichokuwa kipya ni kwamba huyu mkuu wa wote alikuwa omwesigwa, wa kutegemewa. Jambo hilo hulioni kwa kusikia amri zake. Hulioni ila kwa kusikia habari zake, namna alivyowatendea watu wengine hapo zamani. Hilo ndilo lililofanya masimulizi ya Injili, wala si orodha ya mafundisho, kuwa chombo cha imani katika kizazi kile.

Mtihani wa 1885 na 1886

Mwanga alirithi kiti akiwa kijana, akazungukwa na washauri waliogopa Wazungu wanaokuja kutoka mashariki, na akakuta ikulu iliyojaa watumishi wenye kitabu kuliko baba yake alivyoikuta. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu sababu za mauaji yaliyofuata. Hofu ya kuvamiwa ilikuwapo, ukaidi wa vijana waliomkatalia Kabaka ulikuwapo, na ushindani wa makundi ya ikuluni pia. Sioni haja ya kuchagua sababu moja.

Tarehe 31 Januari 1885 Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, vijana waliokuwa wakisafiri na Mackay na mwenzake Ashe kuelekea ziwani, walikamatwa, wakakatwa mikono na kuchomwa moto Mpimerebera, karibu na Busega. Mapokeo ya Kanisa yanasema walikwenda wakiimba wimbo wa sifa waliofundishwa na misheni, na mapokeo hayohayo yanautaja wimbo huo kwa mstari wake wa kwanza wa Kiswahili. Mtu atakayesema kwamba Kiswahili hakina mahali katika ibada ya Uganda ana kazi ya kueleza habari hii.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Joseph Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi wa ndani na kiongozi wa wasomaji Wakatoliki, alimlaumu Kabaka kwa kitendo hicho, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Kisha, mwishoni mwa Mei 1886, kamata-kamata kubwa ilianza. Usiku mmoja kabla ya kukamatwa, Charles Lwanga, aliyeshika nafasi ya Balikuddembe, aliwabatiza kwa mkono wake vijana kadhaa waliokuwa bado wanafunzi wa dini, Kizito akiwamo. Tarehe 3 Juni 1886 kundi kubwa, Wakatoliki kwa Waanglikana, lilichomwa Namugongo. Wanaotambuliwa rasmi kati ya waliouawa katika miaka hiyo ni Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana 23.

Ukiliangalia tukio hilo kwa jicho la mtafiti wa usomaji, jambo moja linajitokeza. Mapadre Wakatoliki hawakuwapo Buganda tangu mwishoni mwa 1882 hadi katikati ya 1885. Waliondoka kwenda kusini mwa ziwa. Waanglikana nao, wakihisi hatari, waliunda baraza la wazee Waganda mwaka 1885 ili kanisa liweze kuendelea hata kama wamisionari wote watafukuzwa. Wakati wa mateso Mackay aliweza tu kuwapelekea wasomaji waraka wa faraja uliochapwa kwa siri. Kwa maneno mengine, imani iliyopimwa Namugongo ilikuwa imekomaa katika mikono ya Waganda wenyewe, katika vyumba vya watumishi wa ikulu, kwa sala zilizokaririwa na kwa vitabu vichache vilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Padre au mchungaji hakuwapo kuwaambia la kufanya. Walichokuwa nacho ni maneno waliyoyaamini na wenzao waliosoma nao.

Baada ya mauaji idadi ya wasomaji iliongezeka. Kusema hivyo si kusifu mauaji. Ni kutaja kilichotokea. Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 na wasomaji Wakristo wakafukuzwa na kundi la Waislamu lililotwaa madaraka, wengi wao walikimbilia mpakani mwa Ankole na huko wakaendelea kusoma. Waliporudi mwaka 1890 walikuwa na bunduki pamoja na vitabu, na huo ni mwanzo wa sura isiyopendeza. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, watoto wa mashahidi walewale, walipigana Mengo, na bunduki kubwa ya Kapteni Lugard ikaamua mshindi. Mtafiti anayeandika kuhusu kumtegemea Mungu katika Kampala hana haki ya kuruka ukurasa huo.

Miaka saba ya kusoma

Askofu Alfred Tucker na George Pilkington, msomi wa Cambridge mwenye kipaji cha lugha, waliwasili Desemba 1890. Walikuta njaa ya vitabu isiyo ya kawaida, na watu waliokuwa tayari kutoa simbi zao kwa Agano Jipya la Kiswahili. Lakini Pilkington alitambua upesi kwamba usomaji wa Kiswahili ulikuwa na mpaka wake. Watu wa ikulu walikifahamu. Mwanamke wa shambani na mjukuu wake hawakukifahamu, au walikifahamu kwa kiasi cha kununulia chumvi. Akishirikiana na Duta, aliyejua Luganda kwa kuzaliwa na Kiswahili kwa kusoma, Pilkington alikamilisha Agano Jipya la Luganda mwaka 1893, na Biblia nzima mwaka 1896, akisaidiwa na Crabtree katika vitabu vya manabii wadogo. Toleo moja la Biblia hiyo lilichapwa katika umbo nene na jembamba ili liingie ndani ya kopo la biskuti lisiliwe na mchwa. Huo ndio ufundi wa uchapishaji unaojua msomaji wake anaishi wapi.

Hapa msomaji angetazamia nihitimishe kwamba Luganda ilileta imani ya moyoni na Kiswahili kilikuwa maandalizi tu. Ushahidi hauruhusu kusema hivyo kwa wepesi. Katika mwaka huohuo wa Agano Jipya la Luganda, mtu mmoja aitwaye Musa Yakuganda aliwaendea wamisionari na kuomba jina lake litangazwe kanisani kuwa amerudi katika hali yake ya zamani. Alipoulizwa kama anaelewa anachosema, alijibu kwa hasira kwamba amesoma miaka saba, hivyo anaelewa vizuri sana, na kwamba dini yao haimfaidii kitu. Jibu hilo lilimchoma Pilkington. Mnamo Desemba 1893 alikwenda kisiwa cha Kome akiwa amekata tamaa, akasoma kijitabu cha mhubiri mmoja wa Kitamil, na kurudi Mengo akiwa mtu aliyebadilika. Mikutano iliyofuata Namirembe iliwafanya watu wengi, wakiwamo wakuu na walimu waliobatizwa zamani, wakiri kwamba walikuwa wamesoma bila kumtegemea wanayemsoma.

Maneno ya Musa ndiyo yanayonivutia kuliko mikutano yenyewe. Kusoma kulikuwa kumeshakuwa njia ya kupata cheo. Baada ya 1892 mkuu wa Kiprotestanti alitakiwa awe msomaji, na watu wake wakasoma kwa sababu yeye anasoma. Okusenga kulikuwa kumelimeza okusoma. Hali hiyo haikusababishwa na lugha na haikuponywa na lugha. Iliponywa, kwa wale walioponywa, na kurudi kwenye swali la Sembera: je, nimeyaamini maneno haya, au nimeamini faida ya kuyajua?

Matokeo yalionekana mashambani. Kwa hesabu ya Pilkington mwenyewe, makanisa madogo ya vijijini, ambayo Waganda waliyaita masinagogi, yaliongezeka kutoka takriban 20 mwishoni mwa 1893 hadi takriban 200 mwishoni mwa 1894. Yaliendeshwa na walimu Waganda. Pilkington hakuishi kuona mavuno yote. Aliuawa Busoga tarehe 11 Desemba 1897 katika vita na askari wa Kinubi walioasi.

Lugha iliyokataliwa

Mackay alikuwa ametumaini kwamba Kiswahili kitakuwa lugha moja ya Afrika ya kati na kwamba Neno litasambaa kwa njia hiyo. Alifariki Februari 1890. Tucker, katika kitabu chake cha mwaka 1908, aliyataja matumaini hayo na kuyakataa kwa ukali, akikihesabu Kiingereza kuwa lugha ya Biblia na Uprotestanti, na Kiswahili kuwa lugha ya Uislamu na uporomokaji wa maadili. Ni maneno ya kushangaza kutoka kwa mtu aliyewaona kwa macho yake Waganda wakinunua Agano Jipya la Kiswahili. Yaeleweke katika wakati wake. Vita vya 1888 hadi 1893 vilikuwa vimeyafanya majina ya dini kuwa majina ya vyama. Askari wa Kinubi waliokuwa Waislamu walikuwa wameasi. Na Luganda tayari ilikuwa na Biblia nzima ya kujivunia. Kiswahili hakikuwa kimebadilika. Kilichobadilika ni jirani waliyemwona wakisikiapo lugha hiyo.

Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kiwe lugha ya elimu na ya utawala, maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki, ambao miaka 35 kabla ya hapo wafuasi wao walipigana risasi, waliungana kumpinga. Kabaka Daudi Chwa naye alipinga, kwa sababu nyingine: aliona nyuma ya Kiswahili mkono wa walowezi wa Kenya na shirikisho ambalo lingeimeza Buganda. Hofu hiyo ya kisiasa ilikuwa na msingi. Kosa ni kwamba sababu hizi mbili, ya maaskofu na ya Kabaka, ziliyeyushwa pamoja katika kumbukumbu ya watu, na kupinga shirikisho la kikoloni kukavaa kanzu ya uaminifu kwa Mungu. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha za shule. Kilibaki kambini na vituo vya polisi, kisha watu wakakilaumu kwa kuwa lugha ya kambini.

Uamsho wa Balokole ulipoanza, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe mnamo Septemba 1929 na kusoma Biblia pamoja kwa siku mbili wakifuatilia habari za Roho Mtakatifu, ulienea kwa Luganda, Kinyarwanda na Runyankore. Ulipovuka kwenda Kenya na Tanganyika ulihitaji Kiswahili, na ulikitumia bila mjadala wowote wa kiteolojia. Ndugu wa Kampala waliokwenda kushuhudia huko walikaa katika mikutano ambamo Biblia ya Kiswahili ilifunguliwa juu ya magoti ya wakulima, na walioisoma hawakumpenda Yesu pungufu kuliko wao.

Mshauri wa sera atakayeitwa kuzungumza na bodi ya shule ya kanisa, Kampala au kwingineko, atakutana na wajumbe wanaoheshimu mashahidi wa 1885 na 1886 kuliko waraka wowote wa Wizara. Wakati wa kuandaa vitabu vya kiada vya Kiswahili kwa sekondari, hakuna kinachozuia sura moja ya usomaji kuwa juu ya Dallington akisoma mbele ya Mutesa, nyingine juu ya Sembera na barua yake ya ncha ya unyasi, na nyingine juu ya Duta akirudi kutoka Unguja. Ziwekwe karibu na habari za Waislamu wa 1876, kwa kuwa wao ndio waliolipa kwanza kwa ajili ya kusoma, na kwa kuwa darasa la Kampala lina watoto wa wote.